Masafa, Mianya na "Vyote Viwili": Tahakiki ya Programu ya Mawimbi Iliyojengwa kutoka Msimbo Chanzo

Ni kawaida ya jarida letu kuhakiki vitabu: riwaya, diwani, tamthiliya, na mara mojamoja kamusi inapotoka. Safari hii tumeonelea tuhakiki kitu ambacho baadhi ya wasomaji watauliza kimeingiaje katika kurasa za idara ya Kiswahili, yaani programu ya kompyuta inayoonyesha mwendo wa mawimbi. Jibu letu ni fupi. Programu hiyo ina maneno ndani yake; maneno hayo yanaweza kuandikwa upya kwa Kiswahili na mtu yeyote mwenye kompyuta na subira; na wanafunzi wetu ndio watakaosimamishwa barazani na mwalimu wa fizikia na kuulizwa, "Hili kwa Kiswahili mnaliitaje?"

Swali hilo si la mzaha tena hapa Uganda. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sayansi, hata hivyo, inaendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili kinafika darasani kama lugha ya salamu, insha na methali, na mwanafunzi anajifunza, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba lugha hii haifiki maabara. Tumetafuta kitu kidogo kinachoweza kupima dhana hiyo, tukaipata programu hii.

Jina lake ni Wave Interference, nasi katika tahakiki hii tutaiita programu ya mawimbi. Ni moja ya programu za mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. Programu za mwanzo za mradi huo ziliandikwa kwa Java. Zilizofuata zimeandikwa upya ili zifunguke ndani ya kivinjari chochote. Mradi una tafsiri za lugha nyingi na Kiswahili kimo. Anayetaka kutumia tu hana haja ya kujenga chochote, anaifungua kwenye tovuti yao na kazi imekwisha. Sisi tuliamua kuijenga wenyewe kutoka msimbo chanzo kwa sababu mbili. Kwanza, tulitaka maneno yetu wenyewe yawe ndani yake, tuyajaribu mbele ya wanafunzi kabla ya kumpelekea mtu mwingine. Pili, tulitaka nakala ambayo mwalimu wa mazoezi anaweza kuibeba kwenye flashi hadi shule isiyokuwa na intaneti.

Tuanze na ujenzi, kwa kuwa maelezo ya ujenzi nayo ni maandishi na yanahakikiwa kama maandishi mengine.

Anayezoea programu kuwa kitu kimoja atashangaa. Msimbo wa programu ya mawimbi peke yake haujengeki. Umegawanywa katika maghala mengi yanayokaa ubavu kwa ubavu katika kabrasha moja, na kila ghala lina kazi yake. Liko linaloitwa scenery, linalochora kila kinachoonekana kwenye kioo. Liko kite la maumbo, dot la hesabu, sun la vitufe na vitelezi, axon linalopeleka habari kutoka sehemu moja hadi nyingine mfano wa mshipa wa fahamu. Liko joist, ambalo ni boriti, kwa kuwa ndilo linaloishikilia nyumba nzima. Liko sherpa, linalobeba misimbo iliyoandikwa na watu wengine, kama mpagazi anavyobeba mizigo isiyokuwa yake. Tumelitaja hili kwa makusudi. Mara nyingi tunawasikia wenzetu wakilalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi za kompyuta, kana kwamba Kiingereza kilishushiwa zake kutoka mbinguni. Hawa waandishi wa programu walipohitaji majina walichukua boriti, tiara, jua na mpagazi. Walifanya yale ambayo fundi yeyote wa Lamu angefanya.

Kazi yenyewe inahitaji vitu viwili viwepo kwenye kompyuta kabla ya mengine: Git, ambayo huleta maghala, na Node.js, ambayo huendesha zana za ujenzi. Baada ya kuleta maghala yote, mjenzi anaingia katika lile liitwalo chipper na kutoa amri ya "npm install", kisha anafanya hivyo katika ghala la zana na katika ghala la programu yenyewe. Amri hiyo huenda kwenye intaneti na kuteremsha vifurushi vingi vidogo. Ni hapa ambapo mtandao wa mahali ulipo huamua kama utamaliza leo au kesho kutwa. Tunawashauri walimu wenzetu wafanye hatua hii mapema asubuhi kabla maabara haijajaa. Mwisho inatolewa amri ya "grunt", ambayo husoma kila kitu na kukikusanya.

Kinachotoka ndicho kilichotufanya tuipende programu hii pamoja na taabu zake. Kinatoka faili kimoja tu. Picha, maneno, hesabu, vitufe, vyote vimefungashwa ndani ya ukurasa mmoja usiohitaji seva wala intaneti. Unakinakili kwenye flashi, unakifungua kwa kivinjari cha kompyuta yoyote ya mezani, na maji yanaanza kudondoka. Kwa shule zetu sifa hii inapita sifa nyingine zote.

Yapo mawili ya kulalamikia katika hatua hii. La kwanza ni kwamba maghala hayo hubadilishwa na wenyewe kila mara, na kila moja hubadilika kwa mwendo wake. Anayeleta ghala moja leo na jingine wiki ijayo anaweza kukuta hayaelewani, na ujumbe wa kosa utakaomtokea utamtaja mtu wa tatu asiyehusika. Dawa ipo: kila toleo rasmi huandamana na faili la orodha linalosema ghala lipi lilikuwa katika hali ipi siku lilipojengwa, na mjenzi anaweza kuyarudisha yote kwenye hali hiyo. Lakini maelezo ya mwanzo hayamwelekezi mgeni huko kwa uzito unaostahili. La pili ni la adabu ya majina. Msimbo umetolewa kwa leseni huria ya GPL, kwa hiyo kuubadilisha ni ruhusa. Lakini jina na nembo ya PhET si mali ya kila ajengaye. Nakala iliyobadilishwa hujengwa kwa chapa nyingine inayosema wazi kwamba imetoholewa kutoka PhET. Tunaona hilo ni haki kabisa, na tungependa wale wanaonakili diwani za watu na kubandika majina yao juu ya jalada walisome.

Sasa tuje kwenye programu yenyewe. Ina skrini nne. Ya kwanza ni ya mawimbi matupu, ya pili ni ya mawimbi mawili yanayokutana, ya tatu ina ukuta wenye mianya, na ya nne inaonyesha mwanga unaopita katika tundu dogo na kutanda upande wa pili. Katika skrini tatu za mwanzo mtumiaji huchagua maji, sauti au mwanga. Akichagua maji, bomba hudondosha matone na viduara vinaenea. Akichagua sauti, spika inatetemeka. Akichagua mwanga, rangi inabadilika kadiri kitelezi kinavyosogezwa. Vipo vya kupimia: utepe wa kupima urefu, saa ya kupima muda, na kipimio chenye nyaya mbili ambacho huchora grafu ya pale unapozitumbukiza. Tulifurahishwa na uadilifu wa vipimo. Kwenye maji urefu ni wa sentimita na muda ni wa sekunde. Kwenye mwanga urefu ni wa nanomita na muda wa femtosekunde, yaani sekunde moja iliyokatwa vipande milioni bilioni. Mwanafunzi anaona umbo lilelile, lakini namba zinamwambia kwamba amehamia ulimwengu mwingine.

Ndani yake, hesabu ni nyepesi kuliko mtu anavyodhani. Uso wa maji umegawanywa kuwa viraba kama ubao wa bao. Kila kiraba kinakumbuka kilikuwa juu kiasi gani sasa hivi na kilikuwa juu kiasi gani punde kidogo kabla ya hapo. Kwa kila hatua kinawatazama majirani zake wanne: wakiwa juu yake wanamvuta juu, wakiwa chini yake wanamvuta chini. Hiyo ndiyo kanuni nzima, na mawimbi yanatoka humo bila mtu kuyachora. Kuna sharti moja katika kanuni za namna hii: katika hatua moja wimbi lisisafiri zaidi ya takriban saba ya kumi ya upana wa kiraba, la sivyo namba hulipuka na uso mzima ukajaa takataka. Aliyejenga kutoka msimbo chanzo anaweza kulifungua faili hilo, akaongeza kasi makusudi, akaujionea mlipuko huo. Hilo ni somo ambalo mtumiaji wa tovuti halipati.

Pembezoni mwa ubao viraba vimepewa kazi ya kuyanyonya mawimbi yasirudi. Hapa tuna la kusema. Maji haya hayana ufuko. Hayana kina wala upepo, na wimbi lake halipasuki kamwe. Zaidi ya hayo, maji yamepewa kanuni ileile waliyopewa sauti na mwanga, ya kwamba mawimbi yote huenda kwa kasi moja, yawe marefu au mafupi. Katika bahari halisi sivyo. Kwenye kina kikubwa wimbi refu huenda kasi zaidi: wimbi ambalo hupita kila baada ya sekunde 10 husafiri kiasi cha mita 15.6 kwa sekunde, na lile la kila sekunde 5 husafiri nusu ya hiyo. Ndiyo sababu mawimbi marefu ya dhoruba ya mbali hutangulia kufika pwani, na yale mafupi yakafuata nyuma. Nahodha wa jahazi aliyeona bahari ikianza kunyanyuka taratibu siku isiyo na upepo angejua kuna jambo linakuja. Programu isingemwelewa. Hatusemi waandishi walifanya vibaya. Walitaka maji, sauti na mwanga vilinganishwe, na ulinganisho hudai kupunguza. Lakini mwalimu aseme wazi darasani kwamba haya ni maji ya mfano.

Tumefika kwenye maneno, ambako ndiko tulikotaka kufika.

Maneno yote ya Kiingereza ya programu yamewekwa katika faili moja, kila neno na ufunguo wake. Tafsiri hukaa katika ghala la pembeni liitwalo babel, na faili la Kiswahili humalizikia kwa herufi "sw". Ujenzi unapofanywa, mjenzi hutaja lugha anayoitaka. Kwa hiyo tulikaa wiki tatu katika semina ya istilahi, walimu wawili na wanafunzi wa mwaka wa tatu, tukaandika faili letu, tukajenga, tukatazama, tukabadilisha, tukajenga tena. Tulichojifunza ni kwamba kutafsiri istilahi kwenye karatasi na kutafsiri kitu kinachotembea ni kazi mbili tofauti. Kwenye karatasi neno baya hujificha. Kwenye programu linakanushwa na picha iliyo chini yake.

Mfano mkubwa ni "masafa". Vitabu vingi na redio zetu zote hutumia neno hili kwa idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Mtangazaji anasema anakujia katika masafa ya FM, na hakuna anayemshangaa. Lakini masafa kwa asili yake ni umbali. Kutoka hapa hadi Jinja ni masafa. Na redio hizohizo, zinaposema masafa mafupi, masafa ya kati na masafa marefu, hazisemi juu ya mitetemo bali juu ya urefu wa wimbi. Kituo cha masafa mafupi kinachorusha kwa megahezi 6 kina wimbi la mita 50. Cha masafa ya kati kwa kilohezi 600 kina wimbi la mita 500. Maana yake ni kwamba neno moja limebebeshwa vipimo viwili ambavyo kimoja kikipanda kingine hushuka! Na FM, ambayo kwa megahezi 100 wimbi lake ni la mita 3 tu, haiitwi masafa mafupi na mtu yeyote.

Katika kamusi jambo hili linaweza kuvumiliwa. Unaweka maana ya kwanza na ya pili, ukaendelea. Katika programu halivumiliki. Tuliandika "Masafa" juu ya kitelezi, mwanafunzi mmoja akakisogeza kulia hadi mwisho, viduara vya maji vikabanana. Akauliza, "Mwalimu, masafa nimeyaongeza, mbona yamekaribiana?" Hakuwa mjinga. Alisoma Kiswahili kama kilivyo. Ilikuwa ni istilahi iliyomwambia jambo moja na maji yakamwambia jingine, naye kwa haki aliyaamini maji.

Semina iligawanyika. Wapo waliotaka tubaki na masafa kwa kuwa limekwisha kuenea, na lugha haimilikiwi na semina. Wapo waliotaka "frikwensi", litoholewe na liache kusumbua. Wapo waliotaka "marudio". Sisi tulielekea kwenye la mwisho kwa sababu linasema kinachotokea: matone yanarudi mara ngapi. Ukiongeza marudio, viduara vinabanana, na hakuna anayeuliza. Upungufu wake ni kwamba marudio pia ni kurudia somo kabla ya mtihani, lakini maana hiyo haipingani na picha. Kipimo hicho kwetu ndicho kikuu: neno lisipingane na picha. Neno masafa tungependa liachiwe redio na wasafiri.

"Kimo" nalo lilipita njia hiyohiyo. Mtu atafikiri kimo cha wimbi ni tafsiri nzuri ya kile kipimo cha pili kinachoongozwa na kitelezi cha chini. Ni neno la nyumbani, fupi, lenye picha. Tatizo ni kwamba mvuvi anaposema wimbi lina kimo cha mita mbili anapima kutoka bondeni hadi kileleni. Mwanafizikia anapima kutoka usawa wa maji yaliyotulia hadi kileleni, yaani nusu yake. Mwanafunzi anayechukua utepe wa programu na kupima kimo cha mvuvi atapata jibu mara mbili ya lile la kitabu, na atanyimwa alama kwa kujua Kiswahili. Hapa, kinyume na hulka yetu, tulikubali utohozi: "amplitudo". Wanaosema utohozi ni uvivu waje watuonyeshe neno lenye asili ya hapa linalopima nusu ya wimbi.

Kuna wimbi lenyewe pia, ambalo wanafunzi kadhaa waliokulia karibu na mpaka wa Kenya walilijua kwanza kama nafaka ya uji. Tuliwaacha wacheke, kisha tukaendelea.

Mawimbi mawili yanapokutana, mahali pengine yanainuana na mahali pengine yanatulizana hadi maji yanakuwa kama hayajaguswa. Tafsiri ya moja kwa moja ya istilahi za Kiingereza ingetupa mwingiliano wa kujenga na mwingiliano wa kuharibu, na tumeziona za aina hiyo katika maandishi ya wanafunzi. Hatuzipendi. Hakuna kinachoharibika. Mahali palipotulia mawimbi yote mawili yapo, yanapita, na mbele ya hapo yanaendelea na safari yake salama. Kiswahili kina kiambishi cha kutendana ambacho Kiingereza hakina, na ni ajabu kwamba tunakiacha stoo tunapotafsiri sayansi. Tuliandika "kuinuana" na "kuzimana". Mwalimu mmoja alipinga kuzimana kwa hoja kwamba kilichozimwa hakiwaki tena mpaka kiwashwe. Hoja ni nzuri, ila mbadala wake, "kutulizana", ulikuwa mrefu mno kwa kitufe.

Na urefu si jambo dogo. Programu hizi zimeandikwa hivi kwamba neno likizidi nafasi yake, herufi hupunguzwa ukubwa mpaka litoshe. Waandishi wana njia ya kujijaribu: ukiongeza agizo fulani mwishoni mwa anwani ya ukurasa wakati wa ujenzi, kila neno huandikwa mara mbili mfululizo, ili waone ni kitufe gani kitavunjika lugha ndefu itakapokuja. Tulilifanya zoezi hilo na tukawaheshimu. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kutovunjika na kusomeka. "Urefu wa wimbi" mahali palipoandaliwa neno moja la Kiingereza lilitoka dogo kiasi kwamba waliokaa safu ya tatu darasani waliliona kama mstari. Hili mtafsiri hawezi kulijua akiwa na orodha ya maneno tu mkononi. Atalijua akijenga na kutazama.

Mianya ilitupa kazi ndogo zaidi. Ukuta wa skrini ya tatu unaweza kuwa na mwanya mmoja au mianya miwili. Wengine walipendekeza "upenyo", neno zuri, lakini liko hatua moja tu kutoka "kipenyo" cha duara, na katika skrini ya nne tundu la duara lina kipenyo. Kuyaweka maneno hayo jirani ni kumtegea mwanafunzi. Mwanya unajulikana na kila mwenye meno.

Kwenye sauti kulikuwa na kitu ambacho hatukukitarajia. Mtumiaji anaweza kuchagua aone mawimbi, au aone chembe za hewa zikisukumana, au vyote viwili kwa pamoja. Kwa Kiingereza kitufe cha tatu ni neno moja lisilobadilika popote liwekwapo. Kwa Kiswahili neno hilo halipo peke yake. Lazima ujue ni vyote viwili, yote mawili, zote mbili au wote wawili. Mawimbi yako ngeli moja na chembe ziko ngeli nyingine, kwa hiyo sarufi yetu hukimbilia "vyote viwili", na ndivyo tulivyoandika. Lakini mtafsiri anayepewa neno hilo bila kuona skrini angebahatisha tu. Hili ni pungufu la msingi la njia hii ya kutafsiri kwa ufunguo na neno: inadhani kwamba neno lina maana kabla ya kuwa na nomino. Kwa lugha za Kibantu dhana hiyo ni ya uongo, na ingefaa kila ufunguo uandamane na sentensi moja ya maelezo.

Kwa upande mwingine, waandishi wamelitatua vizuri tatizo la namba. Mahali pa namba huachwa kwa mabano mawili ya mawimbi, na mtafsiri anaruhusiwa kuyasogeza. Kwa hiyo tuliweza kuandika sekunde kwanza na namba baadaye, kama tunavyosema. Ni jambo dogo, lakini tumeona programu kubwa za ofisi zinazomlazimisha Mswahili kusema "3 sekunde" kama mtu aliyeteremka ndege jana.

Baadhi ya wenzetu wa idara wametuuliza faida ya yote haya, ikiwa tafsiri rasmi zaweza kufanywa na watu wa mbali kupitia zana ya mradi huo iitwayo Rosetta, ambayo haihitaji mtu ajenge chochote. Swali ni la haki. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa mradi wa Kilinux, kilichobaki mikononi mwetu hadi leo si programu ile. Wengi wetu hatuitumii tena. Kilichobaki ni maneno kama "programu huria", na watu waliofundishwa jinsi ya kubishana juu ya maneno huku kazi ikiwa mezani. Semina yetu ilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja. Kabla ya kuanza, hakuna hata mmoja aliyewahi kulifungua dirisha la amri. Baada ya wiki tatu walikuwa wakigombana kama mwanya una mdomo au una kingo, na ugomvi huo ulifanyika kwa Kiswahili, juu ya fizikia, katika chuo ambacho mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana chumba kimoja.

Faili letu linapatikana katika kompyuta ya maktaba ya idara, pamoja na karatasi mbili za hatua za ujenzi na orodha ya maneno tisini na mawili tuliyokubaliana. Manne tumeyaachia nafasi wazi. La kwanza ni jina la skrini ya nne, lile la mwanga unaopita tunduni na kuenea kuliko tundu lenyewe. "Mtawanyiko" limekwisha kutumika kwa jambo jingine, "mpindo" limechukuliwa na mwanga unapoingia majini, na "kutanda" lina wanaolipenda na wanaosema ni la mawingu. Kwa sasa kitufe hicho kinasomeka "Kutanda", kwa herufi kubwa za kutosha safu ya tatu. Mwenye neno jingine alilete idarani, naye atakaa kwenye kompyuta aliandike mwenyewe, ajenge, na alione likiwa juu ya mwanga.